Beberu Mweusi na Mwenyewe

Juzi, kwenye mnada wa mifugo hapa Voi, mama mmoja kutoka Rukanga alimleta beberu wake ili amuuze. Mvua ilikuwa inakaribia na alitaka kununua mbegu za ndengu. Dalali mmoja aliyetaka kumnunua alimpapasa beberu mgongoni, akamkagua meno, akaridhika. Kisha akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Si ni mimi."

"Mama, nauliza mzee. Sitaki kesho niambiwe nimenunua mbuzi wa wizi."

Mzee ni bawabu Mombasa. Mama akampigia simu, na dalali akamwambia aongeze sauti.

"Baba watoto, niko mnadani. Wanataka ruhusa yako niuze beberu."

"Beberu gani?"

"Yule mweusi."

"Kwani tuna beberu mweusi?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama hakucheka. "Mamake alikufa akimzaa," alisema. "Nimemlea kwa chupa, jikoni kwangu."

"Haya, muuze," sauti ikajibu.

Dalali akatabasamu. "Sasa tumesikia kutoka kwa mwenye mali. Usikasirike, mama, ndivyo tunavyofanya."

Najua ndivyo tunavyofanya, na ndiyo maana nimekasirika kwa niaba yake. Darasani kwangu kalamu ikiokotwa, anayesema ni yake huulizwa kwanza ni ya rangi gani. Akishindwa, hapewi, na watoto wa miaka sita huona hiyo ni haki. Mnadani, aliyeshindwa ndiye aliyeombwa ruhusa.