Sindano ya Usingizi

Niliteleza na debe la kahawa shambani kwetu Iyula, bega likateguka. Kwenye kituo cha afya niliomba sindano ya usingizi kabla hawajalirudisha. Daktari hakunijibu mimi, alimgeukia mume wangu. "Vipi mzee, tumchome?"

"Huyu kazaa watoto wote nyumbani. Atajikaza."

Wakanishika, wakavuta. Nyumbani mama mkwe akanipokea na hongera za kujikaza. Nimejikaza wapi? Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakauka!

Mwaka huu mume wangu kaanguka na pikipiki akitoka Vwawa, bega likateguka vilevile. Daktari yuleyule akamchoma sindano papo hapo, akalala fofofo. Nilikuwa nimesimama pale pale kando ya kitanda. Mbona mimi hawakuniuliza?