Elinaja Alivyopalilia Bustani ya Watu

Elinaja Mbwambo hakuwa mtu wa kuomba radhi. Watanzania wa Ilford wote walimjua hivyo. Ukimkanyaga, umekosea wewe. Akikukanyaga yeye, ni wewe uliyeweka mguu pasipo pake. Alizaliwa Usangi, milimani Upare, akashika jembe kabla ya penseli, na penseli yenyewe hawakukaa pamoja sana. London alifika na mtoto mgongoni, akasafisha wodi za hospitali mpaka akastaafu, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kona aliyoiacha na vumbi. Jambo hilo alilisema kila alipopata nafasi, hata msibani.

Baiskeli alikutana nayo uzeeni. Magoti yalipoanza kukaza, daktari akamwambia atembee. Yeye akanunua baiskeli. Mwanawe Noel alipoikuta mlangoni alimwambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, kwamba atavunjika nyonga.

"Nyonga ni yangu," Elinaja akamjibu, akatoka.

Alijifunza pamoja na rafiki zake wawili. Lila alikuwa Mhindi wa Moshi, mwenye duka la vitambaa, mcheshi kupita kiasi. Sesilia alikuwa nesi kutoka Songea, mdogo wao wote. Barabarani Elinaja ndiye aliyetangulia. Ukimpita, atakwambia ni upepo umekusukuma.

Basi mwezi wa nne, baridi ilipoanza kulegea, Sesilia akawaletea mwaliko. Bibi Hilda, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wodi yake zamani, alikuwa anakaa shamba, upande wa Essex. Mumewe alifariki miezi ya baridi. Alitaka waende waione bustani.

Wakaenda. Walipoziacha nyumba za Ilford nyuma, barabara ikawa nyembamba, miti ya pembeni imejaa maua meupe, na Lila akilalamika kila kilima.

"Mama Noel, punguza mwendo. Mimi nimekuja kuona maua, sijaja kuyafuata kaburini."

"Kanyaga, wewe. Unaongea na pumzi huna."

Bibi Hilda aliwapokea getini. Alikuwa mrefu, mkimya, amevaa sweta ya kiume iliyomzidi. Aliwaketisha nje, akaingia ndani kuandaa chai, Sesilia akamfuata kumsaidia. Lila akavua viatu, akafumba macho juani.

Elinaja hakukaa. Kwao, ukifika kwa mfiwa huweki mikono mapajani ukingoje chai. Unashika kazi unayoiona, tena bila kuuliza, maana ukiuliza atakuambia acha, na hapo utakuwa umejifanya tu unataka kusaidia. Akazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya mti wa tufaha akaona nyasi zimeachwa, na ndani yake yameota majani membamba, marefu, ya rangi ya majivu, mengine ncha zimeinama.

Akajua ni ndago. Mkulima gani hamjui adui huyo? Ukiikata juu unajidanganya, kwa sababu uhai wake uko kwenye kiazi kidogo kule chini. Akasikitika: mwanamume amekufa, na magugu yameshaingia. Akapiga magoti yake mabovu, akaokota kijiti, akaichimbua moja moja mpaka ikaisha. Viazi vyake vilikuwa vyeupe, vinono. Akaviweka juu ya jiwe akavipondaponda kwa jiwe jingine, ndivyo alivyofundishwa na mama yake, visije vikaota tena. Vilivyopondwa akavitupa kwenye rundo la takataka, akarudi kukaa, moyo umetulia. Alikuwa anangoja kushukuriwa.

Chai ikaja, na keki. Bibi Hilda akawaambia, kabla hawajanywa, kuna kitu anataka wakione. Wakamfuata mpaka chini ya ule mti wa tufaha.

Akasimama. Hakupiga kelele. Aliinama akagusa mashimo kwa vidole.

"Mume wangu aliyapanda kwa mbegu mwenyewe," akasema taratibu. "Ni maua yanayoinamisha kichwa, yana madoa kama kitambaa cha drafti. Yanachukua miaka. Haya yangechanua wiki hii, kwa mara ya kwanza. Yeye hakuyaona."

Sesilia akashika mdomo. Bibi Hilda akatazama juu mtini.

"Ni kindi. Wanachimba kila kitu. Jirani ana mitego, nitamwambia aje awamalize."

Lila aliitazama mikono ya Elinaja, yenye udongo mpaka kwenye kucha, kisha akageuza uso, na kugeuza kule kulimchoma Elinaja kuliko kutukanwa.

Wakarudi mezani. Bibi Hilda akammiminia Elinaja kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Angeweza kunyamaza. Lila asingemsema, na kindi hawana mdomo. Akaficha mikono chini ya meza, na alipoiona mwenyewe inajificha kama ya mwizi, akaisikia aibu imempanda mpaka masikioni. Akaitoa, akaiweka juu ya kitambaa cheupe.

"Si kindi," akasema, kwa Kiingereza chake cha wodini. "Ni mimi."

Kikombe cha Sesilia kikagonga sahani.

"Kwetu majani kama yale ni magugu. Nilitaka kukusaidia. Kwetu kwenye msiba mtu…" Akajisikia anavyojitetea, anavyoanza kumfundisha mjane desturi kwenye meza yake mwenyewe. Akakatiza. "Nisamehe. Sikukuuliza."

"Viazi vyake viko wapi?" Bibi Hilda akauliza. "Tunaweza kuvirudishia."

Hilo ndilo swali alilokuwa analiogopa.

"Nimeviponda."

Bibi Hilda akakunja kitambaa chake cha mkono.

"Asante kwa kuniambia. Sasa ningependa mwende, tafadhali."

Hakusema amesamehe. Hakuwasindikiza getini.

Safari ya kurudi Elinaja alibaki nyuma. Sesilia akatangulia, na hakuna aliyetaja upepo. Elinaja alikuwa anawaza kwamba hata kule kuinama kwake hakukuwa kwa ajili ya mjane. Alitaka isemwe kwamba mama wa Kipare alipita na bustani ikang'aa.

Kwenye taa za barabarani pale Gants Hill, Lila akasimama kando yake.

"Mama Noel, hata mimi ningedhani ni majani tu. Tena mimi ningempa mbuzi."

"Lila."

"Naam, dada."

"Usinichekeshe. Leo niache niaibike."

Lila akaitikia kwa kichwa. Taa ikawa kijani, wakaondoka, Elinaja wa mwisho.