Mpishi Asiyepika Mpaka Watu Wakae

Saa sita mchana, watu themanini wamekaa mikekani na njaa zao, na Bibiana ndiyo kwanza anatia mchele kwenye sufuria. Anafanya makusudi.

"Wali ungoje watu? Thubutu!" anasema akicheka. "Watu ndio wangoje wali."

Ni Julai 1975, katika kijiji cha ujamaa nje kidogo ya Newala. Msumbiji imepata uhuru mwezi uliopita, na leo wanakijiji wanawaaga majirani waliokimbia vita huko, ambao sasa wanarudi kwao. Mpishi ni Bibiana, miaka 46, ambaye wengi humwita Mama Ida.

Mwaka jana nusura wamfukuze. Aliwapikia wavunaji wa korosho, na kwa kuwa maji yanafuatwa bondeni, alipika wali wa siku mbili kwa mkupuo. Uliobaki akaufunika, kesho yake akaupasha mpaka ukafuka mvuke. Watu thelathini na mmoja walitapika. Nathanaeli, mtoto wa jirani yake mkimbizi, alilazwa siku mbili.

"Mama yake alisimama hapo uwanjani akasema nimetia sumu," anakumbuka. "Mimi nami nilikula, nikatapika. Wakasema najifanya."

Aliyemwokoa ni Dominika, muuguzi wa zahanati. Aliwaeleza kwamba sumu ilikuwapo kweli, ila iliyotengenezwa na vijidudu. Vingine hustahimili hata kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, vinazaana na kutoa sumu. Ukiupasha, vijidudu vinaweza kufa, sumu ikabaki pale pale.

"Nilidhani moto unamaliza kila kitu," anasema Bibiana.

Wengi walimwelewa Dominika. Lakini Mama Nathanaeli, tangu siku ile, hajaonja chakula cha Bibiana. Leo anaondoka kwenda kuvuka Ruvuma. Ndiyo maana Bibiana anampakulia yeye mwenyewe.

Mama Nathanaeli anakula. Anaomba aongezewe. Kisha anakunjua kitambaa.

"Mama Ida, nifungie na wa njiani."

Machozi yanamtoka Bibiana kwa furaha, lakini anatikisa kichwa.

"Sikufungii! Ukae vuguvugu kutwa nzima, halafu niitwe mchawi mpaka Msumbiji?"

Watu wanacheka hadi wanashikana mabega. Bibiana anamfungia vibaba viwili vya mchele mkavu, wakakumbatiana.

Mwakani, korosho zikishauzwa, Bibiana anataka kuvuka mto akamtembelee.

"Safari hiyo," anasema, "apike yeye, mimi nile."