Viatu vya Kuvua

Nakumbuka siku niliyomcheka mtoto aliyekuja maktaba na viatu vya babu yake, mwanangu, na hasira ya siku ile haijanitoka. Wewe umepewa chumba shuleni ukifanye maktaba, ukaja kuniuliza rangi ya ukuta. Kaa kwanza. Rangi itangoja.

Nilikuwa kijana wa kuzurura. Shule niliiacha darasa la nne, baada ya kuchapwa kwa kuuliza maswali mengi, na tangu hapo nilishuka popote treni iliposimama. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa vitu, na maboksi ya vitabu kutoka ng'ambo yakawa yanafika hata vijijini. Shule moja upande wa Chanzuru ikapata yake. Mwalimu mkuu akanichukua nitengeneze rafu, kwa kuwa niliwahi kumshikia mbao seremala mmoja wa Mikumi na nikajiita fundi.

"Fundi," akaniambia, "mgeni rasmi akisimama mlangoni avione vitabu vyote."

Basi nikapiga rafu kuanzia kiunoni mwangu hadi darini. Sakafu nikaipaka rangi nyekundu, nikaisugua kwa nta mpaka ikang'aa. Kisha, kwa mwandiko wangu niliojivunia, nikaandika mlangoni: VUA VIATU KABLA YA KUINGIA.

Sasa tazama ujinga wetu. Shule nzima wenye viatu walihesabika. Wengine walikuja pekupeku kutoka mashambani, miguu myeupe kwa vumbi. Mwalimu wa zamu akasimama mlangoni na fimbo: mwenye viatu avue aingie, asiye navyo atachafua sakafu, abaki nje. Na mimi je? Mchana nilijifungia humo humo, katambuga zangu za tairi zikiwa miguuni, nikasoma mpaka macho yakauma. Sikuona kosa lolote.

Kulikuwa na msichana wa darasa la tatu, Tatu jina lake. Dirishani aliona kitabu nilichokuwa nikisoma, chenye picha ya tembo kwenye jalada. Tembo walikuwa wamemaliza mahindi ya shangazi yake kule Mikumi, naye alitaka kujua jambo moja tu. Kila mchana alisimama dirishani.

"Fundi, umefika pale wanaposema tembo anaogopa nini?"

"Tafuta viatu uje usome mwenyewe," nikamtania.

Kesho yake akaja akiburuza katambuga za babu yake, kubwa kama mitumbwi. Akazivua mlangoni, akazipanga vizuri, akasema, "Nimekuja na viatu vya kuvua." Nikacheka. Mwalimu wa zamu naye akacheka, kisha akamtazama miguu na kumrudisha.

Baada ya muda babu mwenyewe akafika kufuata katambuga zake zilizobaki mlangoni, mzee aliyemaliza ujana wake kwenye mashamba ya mkonge. Alikuja pekupeku juani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe uliyeandika hapa?"

"Ni mimi."

"Nisomee." Nikamsomea. Akanitazama miguuni. "Na wasio na viatu wavue nini? Ngozi?"

Nikazitazama katambuga zangu.

"Wewe umeingia na katambuga, hakuna aliyekuzuia. Mjukuu wangu amefanya ulivyoandika, mkamcheka. Bora usingejua kuandika."

Mwanangu, rangi ilikuwa imebaki kwenye kopo. Ningeweza kuyafuta maneno yale kabla mzee hajafika njia panda. Badala yake nikaenda kuomba ruhusa. Mwalimu mkuu akasema, "Subiri mgeni apite." Nikasubiri siku mbili, nikachoka, nikapanda treni. Hilo ndilo kosa langu, na silipunguzi.

Miaka mingi baadaye nikashuka basi pale Dumila. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu akanikazia macho. "Wewe si fundi wa sakafu nyekundu?" Alikuwa Tatu. Nikamuuliza kama aliwahi kuingia maktaba.

"Mgeni alikuja, akapigwa picha, wakafunga. Waliosoma ni mchwa." Akafunga vitunguu vya mteja, kisha akasema, "Ila hujanijibu. Tembo anaogopa nini?"

"Nyuki," nikasema.

Mikono yake ikasimama. "Shangazi alilihama lile shamba. Na babu alikuwa na mizinga ya nyuki nyuma ya nyumba."

Basi likapiga honi nikaondoka, kama kawaida yangu.

Sasa unaniuliza rangi ya ukuta. Paka yoyote. Lakini rafu zishushe mpaka mtoto wa darasa la kwanza achukue kitabu bila kumwomba mtu, na vitabu vitazame mlangoni, picha zionekane. Tandika mikeka. Mlangoni weka ndoo ya maji na kitambaa, anawe miguu yeyote anayetaka kunawa, asirudishwe hata mmoja. Anayeuliza, mjibu; usipojua, tafuteni jibu pamoja. Wakikuambia usubiri mgeni, waambie mgeni ameshafika, yuko dirishani. Na ukiona umeandika neno linalomfukuza mtoto, lifute siku hiyo hiyo kabla hujaomba ruhusa ya mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kitabu kilichochanika kwa kusomwa, akupe kelele za maswali, na kila jioni akujazie sakafu yako vumbi la miguu yao.