Unacheza Nini?

Kwetu Mamelodi, ukitaka kujua ukoo wa mtu unamwuliza, "Unacheza nini?" naye anakutajia mnyama wa kwao. Mzee Phaswane Maredi tangu utotoni alijibu, "Nacheza paa," kama baba yake. Lakini Jumapili mchana, katika chama chetu cha wapenzi wa jazi, swali lilikuwa na maana nyingine. Santuri ikiwekwa, kila mtu ana ala yake: huyu besi, yule ngoma. Zamu ya ala yako ikifika unaingia katikati peke yako, viatu viking'aa, na kila mlio unaujibu kwa miguu. Mzee Maredi alicheza tarumbeta.

Tarumbeta la mwanawe, Lesiba. Kijana aliacha santuri moja tu, *Njia ya Lesiba*, jazi iliyokorogwa na gitaa la umeme na ngoma za wazee wetu. Ilikuwa haijazoeleka hata redioni, gari la bendi likapinduka njiani kutoka Polokwane, naye akafa. Katika wimbo wa pili, kabla ya kupuliza, anasikika akivuta pumzi. Kwa pumzi ile baba yake aliishi.

Kisha masikio yakaanza kufa. Mzee alikuwa amegonga ribiti za chuma katika karakana ya mabehewa maisha yake yote, na nyundo haikutoka kichwani. Kwanza yalipotea matoazi. Kisha ile pumzi. Kifaa cha kusikilizia alichopewa kliniki kiligeuza tarumbeta kuwa sufuria inayokwanguliwa, akakitupa kabatini. Alikuwa akipiga magoti mbele ya spika na kuing'ata pembeni, ili sauti ipite kwenye meno.

"Sasa unamla?" Mama Hunadi, mkewe, alimgusa bega ili ageuke amwone midomo.

"Namtafuta."

"Baba Lesiba, waambie wenzako."

"Niwaambie nini? Waniketishe kivulini na sahani ya ugali, wanionee huruma? Nikiacha mimi, nani atamcheza?"

Hakutuambia. Alimtazama mguu mchezaji wa besi ili ajue zamu yake imefika, kisha akafumba macho na kucheza kwa kumbukumbu. Sisi tulidhani ni utamu.

Jumapili ile tulikuwa uani kwa Ratau Selepe, rafiki yake na mtani wake.

"Paa mzee huyo anaingia!" Ratau alipaza sauti. "Sikieni magoti, yanalia kama lango la jela!"

"Yako hayalii kwa sababu yalishazikwa," Mzee Maredi alimjibu, macho yake yakiwa kwenye midomo ya Ratau, akatelezea katikati. Akafumba macho. Lesiba akavuta pumzi, akapuliza.

Umeme ukakatika.

Sauti ilizama kama mtu anayemezwa na usingizi. Tukaguna, tukacheka, tukalaani kama kawaida. Mzee Maredi akaendelea kucheza.

Tulidhani ni mzaha. Alizunguka kwa kisigino. Aliinua kofia pale tarumbeta linapopanda, akaganda pale Lesiba anapositasita, akamwachia nafasi. Vicheko vikakatika kimoja kimoja, zikabaki soli za viatu vyake kwenye saruji. Mama Hunadi alikuwa amejiziba mdomo kwa shali.

Ratau akamwendea, akamshika mkono. Mzee akafumbua macho. Akaiona santuri imesimama. Akatuona na sisi.

"Phaswane," Ratau alisema polepole, utani wote umemtoka, "unacheza nini?"

Aliisoma midomo ile.

"Namcheza Lesiba. Bado anapiga?"

Akaenda kuketi kwenye kreti la bia, akavua kiatu, akawa anakifuta vumbi lisilokuwepo.

Umeme uliporudi hakuna aliyekuwa ameigusa mashine ya santuri. Santuri ikaanza kuzunguka yenyewe, ikikoroma toka chini mpaka ikawa wimbo, na tarumbeta likapaa nyuma ya mgongo wa baba yake. Naye anafuta kiatu. Mama Hunadi akamvuta mkono, akauweka juu ya spika. Mzee akainamisha kichwa, kama mtu aliyebisha hodi anayengoja kuitikiwa.

"Hiyo ni besi," alisema mwishowe, akauondoa mkono. "Yeye hayumo."