Mapumziko ya mwalimu wetu mpya wa timu

Hebu mniambie kama mimi ndiye mwenye roho mbaya.

Leo Butimba wametufunga mabao matatu, hapa hapa kwetu Mabatini.

Na wala siyo mabao yanayoniuma.

Mnajua Mzungu aliyekuwa akifundisha timu yetu alirudi kwao baada ya Uhuru. Kamati ikampa kazi Luhende, winga wetu aliyeacha kucheza juzi tu. Nikauliza kikaoni, amewahi kumfundisha nani? Nikaambiwa nina kasumba ya kikoloni.

Haya.

Mapumziko yamefika, tumefungwa moja. Wachezaji wamekaa kwenye majani wanafyonza machungwa. Luhende naye kachukua chungwa lake, kakaa katikati yao, kanyoosha miguu.



Wao wanamtazama yeye. Yeye anatazama njia, kule Mzungu alikokuwa akitokea na kofia yake kuja kuwaelekeza.

Mashabiki tukaanza kuguna. Golikipa akamgusa bega. "Kaka, tufanyeje?"

"Tusubiri kwanza," akasema Luhende.

Refa akapiga filimbi, wakaingia vile vile.

Mpira ulipokwisha nikamfuata, hasira imenijaa. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono, uso wake umekunjamana kuliko wangu.

"Umeona, kaka? Leo hakuna aliyetuambia kitu."

Nimerudi nyumbani na hasira yangu. Nyinyi mngemwambia nini? Maana Jumapili tunacheza na Buswelu, na mwalimu ni huyo huyo.