Maua Yaliyoniwahi

Wamama wenzangu, mmenipa nafasi ya kutoa ushuhuda wangu, nami nitasema nikiwa nimekaa, kwa sababu kovu langu likichoka linaniambia. Mimi ni Odette. Ukifiwa hapa Simi-Simi, ni kwangu unakuja kutafuta maua.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kabla ya ugonjwa, na bado ni kazi yangu. Nasuka mataji ya matanga, yale yanayolazwa juu ya sanduku la maiti. Mtoto mchanga namsukia franjipani nyeupe tupu. Mzee aliyekula chumvi nyingi namwekea bugenvilia za kila rangi, maana huyo tunamsindikiza kwa ngoma. Mwanamke aliyekufa akizaa simwekei nyekundu hata kidogo. Na hapa kwetu, mnajua wenyewe, maua yana njia moja tu. Mtu akisema, "Tulimupelekea maua," humuulizi kwa nini. Unauliza matanga iko wapi.

Homa ilianza polepole wakati wa mvua. Nilisema ni malaria, nikanunua vidonge, nikameza, nikaendelea kusuka. Asubuhi homa inashuka, jioni inapanda. Ulimi ukawa mweupe, choo kikawa maji. Halafu siku moja nikiwa nimeinama kuokota uzi, kitu kikapasuka ndani ya tumbo. Uchungu wa kuzaa unakuja na kuondoka. Huu ulikuja ukakaa. Tumbo likawa gumu kama ubao wa kufulia, nikatapika maji ya kijani.

Mdogo wangu Clarisse, mwanafunzi anayekaa kwangu, alinishikilia juu ya pikipiki hadi hospitali. Daktari aligusa tumbo mara moja tu.

"Ni typhoïde. Utumbo imetoboka," akamwambia. "Tunamupasula leo."

Walinipasua kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu. Nilipoamka nilikuwa na mpira mmoja puani na mwingine ubavuni, unaotoa usaha. Baadaye kidonda kilifunguka kikanuka. Clarisse akibadilisha vitambaa, mimi nilifumba macho kwa haya. Ila kidogo kidogo homa ilishuka, mipira ikatolewa, na daktari akaja kukaa pembeni ya kitanda.

"Mama Odette, bon, yetu tumefanya. Sasa kazi iko yako. Usipokula, kidonda haitafunga."

Sikula. Uji ukifika mdomoni nilikaza meno. Mwanzoni ilikuwa kichefuchefu, baadaye ilikuwa kuchoka tu. Nililala nikiangalia dari, na kichwani nilikuwa nimeanza kuchagua maua yangu mwenyewe. Franjipani, nilisema, na nyekundu kidogo pembeni. Sikuogopa, na hilo ndilo linaloniogopesha leo nikikumbuka.

Basi Clarisse, kwa upendo wake, akafanya jambo aliloliona kwenye filamu za wazungu. Alikata maua uani kwangu, akayafunga na utepe wangu, akaingia nayo wodini akitabasamu. Mama wa kitanda cha jirani akafanya ishara ya msalaba.

"Alikufa saa ngapi?" akauliza.

"Iko muzima, Mama. Si unaona anakuangalia?"

Mimi niliyaangalia yale maua. Yalikuwa franjipani, na nyekundu kidogo pembeni. Nikajiambia, haya ni yangu, yameniwahi. Hata yalikuwa yamefungwa vibaya. Nikageukia ukuta.

Siku ile ile Clarisse, anayeniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, alimpigia simu mama yetu, aliyeko Yanonge, kando ya mto. Mtandao ulikuwa mbaya. Alisema, "Mama, leo nilimupelekea Yaya maua," na simu ikakatika. Alijaribu tena na tena, haikupita.

Kesho yake mlango wa wodi ulifunguka, akaingia mwanamke aliyenyolewa kichwa chote, amejifunga kitambaa cheusi, mkeka wa kulalia matanga uko begani. Sikumtambua hadi aliposema na muuguzi.

"Morgue iko wapi? Nakuja kuona mutoto yangu, Odette."

Muuguzi alinyoosha tu mkono kuelekea kitanda changu.

"Mama," nikasema.

Hakupiga kelele. Aliweka mkeka chini. Alinigusa paji la uso, akafunua shuka, akaangalia kidonda, kisha akashika miguu yangu yote miwili na kuibana. Ilikuwa na joto. Ndipo akakaa. Akayatazama maua, akamtazama Clarisse, ambaye alikuwa analia.

"Nilisha kukulilia," Mama akaniambia. "Kutoka Yanonge mupaka hapa, mutoni yote, nilikulilia. Machozi iliisha. Sitakulilia mara mbili, Odette. Unasikia? Kula."

Katika kikapu chake alikuwa na maua mekundu ya ngai-ngai, yaani choya, yaliyokaushwa, ya kuchemshia kinywaji watu watakaokuja kulia. Alimuuliza daktari kama naweza kuyanywa. "Kidogo kidogo," akasema. Mama akayachemsha jikoni kwa wagonjwa, akatia sukari, akaniletea kijiko mdomoni. Sikuangalia kijiko. Niliangalia kile kichwa chake kilichonyolewa, chenye vidonda vidogo vya wembe, nikaona siwezi kumfanya anyoe tena. Nikafungua mdomo. Jioni nikanywa uji. Baada ya siku chache nikaomba samaki.

Sisemi maua yaliniponya. Mungu aliniponya kwa kisu cha daktari na dawa zake, na kama ningepima damu mapema, labda utumbo usingetoboka. Kwa hiyo homa isiyoisha msiifiche kwa vidonge vya dukani. Chemsheni maji. Na wewe uliyechoka kitandani, unayekaza meno mbele ya kijiko, mwangalie anayekishika. Kula kwa ajili yake kwanza. Hamu yako itakuja nyuma.

Ninamshukuru Mungu, na Clarisse na maua yake ya filamu, ambayo tunamcheka kwayo hadi leo. Mama hakurudi tena Yanonge. Nywele zake zimeota, nyeupe, zimefika mabegani. Kila Jumapili anakaa chini katikati ya magoti yangu, nami namsuka. Nikivuta sana, ananipiga gotini.

"Pole pole," anasema. "Hizi nilizikata kwa ajili yako."